Mikono ya Suti ya Bluu

Waringa aliona mikono kabla ya kuona nyuso. Picha tatu za fremu zilikuwa zimelazwa juu ya meza kubwa, ubavu kwa ubavu, na katika zote tatu mikono ilikuwa ile ile: wa kulia juu ya wa kushoto, kucha ndefu zilizopakwa rangi ya waridi, na pete nyembamba kwenye kidole cha kati. Wanawake watatu, suti moja ya bluu, mikono miwili. Wa katikati alikuwa mama yake.

Hakushtuka. Tangu mama afe, mambo mengi yalimjia hivyo, kama mtu anayesikia hodi ikipigwa kwenye mlango wa jirani. Alichukua kitambaa, akapangusa vumbi kwenye vioo, wa kushoto, wa katikati, wa kulia, kisha akaenda kuwasha jiko la chai.

"Usiweke sukari nyingi," Mama Kiragu alimwambia kutoka kwenye kiti. Ndiye aliyezileta zile picha, kwenye kiondo, zimefungwa kwa khanga. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama wa kanisa kule Waithaka, mwanamke wa miaka sabini, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Sasa sauti hiyo ilikuwa inatafuta pumzi. "Orofa nne, kairitu, msichana wangu. Hizi ngazi zenu zitanipeleka kwa hao wenye picha kabla ya Jumamosi."

"Pole, Mama."

"Pole ya nini, si wewe ulizijenga. Na huyo mkubwa wako yuko wapi?"

"Ametoka. Atarudi saa nane."

"Mwambie nimeleta wale watatu wetu waliotangulia. Wengine wana picha za kipande cha kitambulisho tu, unaona mtu anatoa macho kama ameshikwa na polisi. Lakini hawa, hebu tazama." Akanyoosha kidole. "Tazama mama yako. Vero wa ofisi. Hata malkia akikaa hapo hatamshinda."

Waringa alitazama, kwa sababu alikuwa ameambiwa atazame.

"Mimi yangu nimeshaichagua," Mama Kiragu aliendelea, akipuliza chai. "Ya maroon. Nimewaambia watoto, mkiniweka kwenye kitenge nitafufuka niwachape." Akacheka peke yake, kisha akaitazama ile picha ya katikati. "Mama yako alikuwa anapaka mafuta mikono kabla ya kuingia kanisani. Mafuta mengi. Ukimsalimu, mkono unateleza kama samaki."

Waringa hakujua kama hayo yalikuwa mzaha tu, au yalikuwa na kitu ndani. Alichukua kikombe kilichokwisha akakiosha.

Ofisi ile ilikuwa vyumba viwili tu katika jengo la zamani katikati ya jiji, si mbali na Mtaa wa Tom Mboya. Kwenye mlango pameandikwa *Kumbukumbu za Wanawake*. Ndani mlikuwa na makabati ya chuma na maboksi ya kijivu, na ndani ya maboksi mlikuwa na karatasi za wanawake ambao katika uhai wao hakuna aliyewauliza lolote: daftari za vikundi, vyeti vya ubatizo, barua za waume waliokuwa kizuizini, picha za wanawake wakichimba mitaro wakati wa hali ya hatari ya ukoloni huku askari amesimama juu yao. Mwenye kazi hiyo aliitwa Kanyiva, mwalimu wa historia aliyestaafu, mwembamba, mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kifuani kwa kamba. Maisha yake yote darasani alifundisha vitabu ambavyo ndani yake wanawake hupita wakibeba maji. Alipostaafu, aliamua kuwatafuta hao waliobeba maji.

Waringa aliajiriwa kufagia, kupiga deki na kupika chai. Shule aliiachia darasa la saba, nyanya yake alipopooza na ikabidi mtu abaki naye nyumbani mchana. Lakini siku moja, mwaka wa kwanza wa kazi, mvua iliingia dirishani ikalowesha picha sita, na Kanyiva akamkuta amezianika moja moja juu ya karatasi safi, uso juu, wala hakuacha alama ya kidole.

"Mikono yako haitoki jasho," Kanyiva alisema. Kesho yake akampa glavu nyeupe za pamba na penseli laini, akamfundisha kuandika kadi.

Kila picha ilikuwa na kadi yake, na kila kadi ilikuwa na mistari mitano. Nani. Wapi. Lini. Nani ameleta. Na wa mwisho: Umejuaje. Mwandiko wa Waringa ulikuwa wa mtoto wa shule, mkubwa na wa mviringo, na aliuonea haya, lakini Kanyiva aliupenda. "Hawa wa chuo kikuu huandika kama kuku amepita kwenye matope," alisema. "Wewe andika tu. Ila usiniache huo mstari wa tano. Kadi isiyosema umejuaje ni uvumi, na uvumi hauhitaji kabati."

Sasa ulikuwa mwaka wa 2006, na Jumamosi ile kulikuwa na maonyesho ya wanawake wa Dagoretti katika ukumbi wa kanisa la Waithaka. Baada ya maonyesho, kila picha itakayokubaliwa ingerudi mjini kuingia kwenye boksi, ikae humo hata wajukuu wa wajukuu waje kuitazama. Isiyokubaliwa ingerudishwa kwa mwenyewe. Kanyiva hakujua kwamba Vero wa ofisi alikuwa mama wa Waringa. Hakuwahi kuuliza, na Waringa hakuwa mtu wa kusema jambo ambalo hajaulizwa.

Veronicah Wamucii alitoka nyumbani Waithaka kila asubuhi akiwa na kibeti cheusi na viatu vya kisigino kifupi. Kwa miaka kumi na minne majirani walimwona akipita hivyo, nywele zimechanwa, koti limepigwa pasi, akienda kazini Westlands kwenye jengo refu la vioo. Kazi gani, hakusema. Alisema "ofisini", na neno hilo lilitosha. Kanisani walimpa kazi ya kusoma matangazo, kwa sababu mtu wa ofisi anajua kusoma mbele ya watu. Ndani ya kibeti, ambacho Waringa alikifungua mara moja tu akiwa mdogo akitafuta peremende, mlikuwa na kandambili, leso kuukuu, na kopo la mafuta ya mgando.

Alipofariki mwaka wa 2004, kwa homa ya mapafu, siku tisa tu hospitalini, askari wa lile jengo alikuja Waithaka na mfuko wa plastiki. Waringa alikuwa peke yake nyumbani. Ndani ya mfuko mlikuwa na koti la kazi la kijani, zile kandambili, na picha. Askari alisema pole, mama yako alikuwa mtu wa kucheka sana, akaenda zake. Waringa aliificha picha kabla hata hajaketi.

Mazishi yalikuwa Jumatano. Familia ilitaka picha ya kubebwa mbele ya jeneza, na iliyokuwepo ni ile ya kitambulisho, ndogo kama ukucha. Waringa alisema ataishughulikia. Akaenda kwenye studio moja ndogo karibu na Adams Arcade, ya kijana aitwaye Wahome, akamwonyesha ile picha ya kwenye mfuko.

"Huyu ndiye mama?"

"Ndiye."

"Pole sana. Uso ni mzuri, unatoka vizuri. Hii ingine tunatoa." Wahome alifunika sehemu ya chini ya picha kwa kiganja chake. "Sasa mwili." Akafungua albamu. Ilikuwa albamu ya miili isiyo na vichwa. Kila ukurasa mtu mmoja ameketi, amevaa vizuri, na juu ya shingo ni kweupe. "Kuna suti ya bluu, kuna maroon, kuna kitenge, kuna joho la kwaya. Kuna hata ya kuhitimu chuo, lakini hiyo watu huuliza maswali. Alikuwa anafanya kazi gani?"

Waringa aligeuza ukurasa mmoja, akaurudisha.

"Ofisi," alisema.

"Basi bluu. Bluu ndiyo ya ofisi."

"Bluu," alisema Waringa.

"Lakini mikono inabaki ya suti. Hiyo haitoki. Sawa?"

"Sawa."

Siku ya mazishi watu walipanga foleni mbele ya ile picha. Wanawake walisema Vero ametoka vizuri, Vero amependeza, kumbe ofisini walimpiga picha nzuri hivi. Waringa aliitikia ndiyo, ofisini. Hakulia. Alisimama akitazama zile kucha za rangi ya waridi, akiwaza kwamba mwenye mikono ile labda yu hai mahali fulani, anamenya viazi, na hajui kwamba leo anazikwa.

Kanyiva alirudi saa nane kasoro. Alivaa ile miwani ya kifuani juu ya ile ya usoni, akachukua lenzi, akainamia picha moja baada ya nyingine. Haikumchukua muda.

"Waringa, njoo uone. Unaona mikono?"

"Naona, Madam."

"Na kola? Na hili kunjo hapa begani? Ni mwili mmoja. Fundi amekata vichwa akabandika." Aliweka lenzi chini. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Mtu akija hapa miaka hamsini ijayo atasema hawa walikuwa dada watatu, walishonewa na fundi mmoja na kuvishwa pete na bwana mmoja. Nimekaa darasani miaka thelathini nikifundisha uongo wa watu wengine. Siwezi kuuweka kwenye kabati langu mwenyewe."

"Mama Kiragu amepanda ngazi nazo."

"Nitamwomba msamaha. Nitazungumza naye Ijumaa. Zifunge tu. Kama familia zina picha zao za kweli, hata iliyoraruka, hata ya kipande, walete. Wasipokuwa nazo, basi." Akageukia karatasi zake.

Basi. Waringa alichukua magazeti ya zamani kwenye rafu. Wa kushoto alimfunga kwa ukurasa wa matangazo ya kazi. Wa katikati alimfunga kwa ukurasa wa michezo. Wa kulia akamfunga kwa uliobaki, kisha akavipanga vifurushi vitatu karibu na mlango, mahali pa vitu vinavyotoka. Alipiga deki chumba kizima. Alipofika mlangoni alivihamisha, akapangusa chini yake, akavirudisha.

Jioni, nyumbani Waithaka, alitoa kitabu cha nyimbo juu ya kabati. Picha ilikuwa katikati yake, kwenye nyimbo za Pasaka ambazo huimbwa mara moja kwa mwaka, na kwa hivyo hakuna aliyekuwa na haja ya kufungua pale. Wakati wa mazishi alikuwa amewaambia watu kwamba picha ya asili ilipotelea studio. Hata kaka yake aliamini.

Haikuwa picha kubwa. Wanawake wanne wamesimama karibu na lifti siku ya sherehe ya mwisho wa mwaka, na mabaluni mawili ukutani. Mama yake alikuwa wa pili. Amevaa koti la kijani, na kandambili, ameshika ndoo kwa mkono mmoja na ufagio wa deki kwa mwingine, na anacheka mdomo wazi hata pengo la jino linaonekana. Vifundo vya vidole vimevimba. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimepinda kuelekea kwenye gumba, kama kinachosikiliza jambo. Waringa alikuwa amekisahau kile kidole. Alikaa nacho hadi ugali ukaungua chini, akaula hivyo hivyo.

Picha ya kweli ilikuwapo, basi. Akiipeleka, mama yake angeingia kwenye boksi. Lakini angepita kwanza kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya wale wote waliomwita Vero wa ofisi, akiwa na ndoo mkononi. Asipoipeleka, angerudi nyumbani kwenye ukurasa wa michezo, na baada ya Waringa na kaka yake kufa hakuna ambaye angejua kwamba mtu kama huyo alipata kuwako. Aliligeuza jambo hilo huku na huku na hakusikia kitu ndani yake, si huzuni wala woga. Alijua tu kwamba kesho ni Alhamisi.

Asubuhi alimkuta Kanyiva mezani. Hakuweka chai. Aliweka picha.

"Glavu," alisema Kanyiva bila kuinua kichwa. Kisha akaona ni nini, akachukua lenzi. "Wanne. Ni wa wapi hawa?"

"Ni wa pili, Madam."

"Wa pili ni nani?"

"Ni yule wa katikati."

"Wa katikati wapi, Waringa? Wako wanne."

"Kwenye gazeti la michezo."

Kanyiva alimtazama, kisha akatazama vifurushi pale mlangoni. Aliinuka mwenyewe, akakifungua kile cha michezo, akaleta fremu mezani, akaiweka karibu na ile picha ndogo. Alitazama uso, akatazama uso. Ulikuwa mmoja. Kicheko kile kile, ila kwenye suti Wahome alikuwa ameziba pengo la jino.

"Umeipata wapi?"

"Ni mama yangu."

Chini barabarani makanga aliita abiria, akaita tena. Kanyiva aliketi.

"Miaka mitatu uko hapa," alisema. "Jana nimekwambia umfunge."

"Nilimfunga vizuri."

"Najua ulimfunga vizuri." Alivua miwani moja, akairudisha. Kisha aligeuza ile picha ndogo, akasoma nyuma, Westlands, Desemba 2003, macho yake yakarudi mbele, na Waringa akaona yanaanza kung'aa, kama yalivyong'aa kila mara boksi jipya linapoletwa. "Lakini unajua umeniletea nini? Haya majengo ya Westlands, kila mtu anapiga picha vioo. Nani amewahi kumpiga picha anayeosha ngazi? Na anacheka. Na tarehe iko nyuma. Hii tutaikuza, Waringa. Tutaiweka pale mlangoni pa ukumbi, mtu akiingia aione kwanza."

"Hapana, Madam."

Lilikuwa neno dogo, na lilitoka kwa sauti ndogo, lakini hakuwahi kulisema katika vyumba vile.

"Hapana?"

"Waithaka hawajui."

"Hawajui nini? Kwamba alifanya kazi? Kazi ya mikono si aibu."

"Mimi sioni aibu." Waringa alitazama meza. Maneno yalikuja moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Alipiga deki huko miaka kumi na minne, na miaka yote hiyo alitembea na kibeti, akituambia ofisini tu. Viatu alikuwa akibadilisha akishafika. Jioni anabadilisha tena. Hata siku ya mvua. Hata siku alikuwa mgonjwa. Hakusahau hata siku moja. Sasa mimi nikimweka mlangoni na ndoo, nitakuwa nimemvulia viatu mbele ya watu."

Kanyiva alisukuma lenzi kando. Macho hayana pazia, wanasema, na yeye kazi yake yote ilikuwa kuondoa pazia. Aliichukua ile fremu ya suti, akaishika kwa mikono miwili.

"Hii nani aliichagua?"

"Mimi."

"Mama yako angeichagua?"

Waringa alifikiri. "Angechagua hiyo hiyo. Labda kucha angekataa."

Kona ya mdomo wa Kanyiva ilisogea. "Basi jana nilikosea," alisema wazi, kama anavyosoma tarehe. "Nilidhani ni fundi peke yake amesema uongo. Kumbe mwenye picha alikuwa na neno lake hapa. Alitaka kuonekana hivi, na binti yake akamwonyesha hivi. Hiyo nayo ni habari. Lete kadi."

Waliandika pamoja. Kwenye kadi ya suti waliandika kwamba uso ni wa Veronicah Wamucii wa Waithaka, kwamba mwili na mikono ni ya mtu asiyejulikana, kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya mazishi mwaka wa 2004 na rangi ilichaguliwa na binti yake. Kadi zingekaa mjini kwenye droo. Waithaka ingeenda fremu peke yake, na wenzake wawili pia, na Jumamosi Mama Kiragu angesimama mbele yao akijisifu kama yeye ndiye aliyewashonea.

"Na hii?" Kanyiva aligusa ukingo wa ile picha ndogo kwa ncha ya glavu.

"Sijui."

"Kuna bahasha." Alivuta droo ya chini kabisa, akatoa bahasha nene ya rangi ya kahawia. "Barua zingine hapa zimeletwa hivyo. Mwenyewe anasema isifunguliwe hadi mwaka fulani. Tunaandika mwaka juu, tunafunga, na mimi mwenyewe siruhusiwi. Inakaa kwenye boksi kama zingine. Haipotei, lakini haimwaibishi mtu. Wewe ndiye unasema mwaka."

Waringa alihesabu. Mama Kiragu alikuwa na sabini. Mdogo wa chama cha akina mama alikuwa labda na hamsini. Watu wa Waithaka walikuwa wagumu kufa.

"Elfu mbili na arobaini," alisema.

"Mama Kiragu atakuwa na mia moja na nne."

"Anaweza kufika."

"Anaweza," Kanyiva alikubali. "Ataifungua kwa meno. Haya, andika kadi yake, tuifungie ndani pamoja."

Waringa alivaa glavu. Nani: Veronicah Wamucii, wa pili kutoka kushoto. Wapi: Westlands, mbele ya lifti, orofa ya chini. Lini: Desemba 2003. Nani ameleta: binti yake. Umejuaje. Aliandika *Ni mama yangu*, akaweka penseli chini.

Kanyiva alisoma, akatikisa kichwa polepole.

"Hiyo inasema unamjua uso. Lakini umeniambia alipiga deki huko miaka kumi na minne, na hii ni siku moja, ya sherehe. Siku ya sherehe hata mkurugenzi anaweza kushika ndoo akapigwa picha, watu wacheke. Yeye hakukwambia. Ulisema mwenyewe, alisema ofisini tu. Atakayefungua hii bahasha atauliza. Umejuaje?"

"Viatu vilikuwa kwenye kibeti."

"Kandambili kwenye kibeti si deki. Umejuaje, Waringa?"

Hakukuwa na ukali katika swali. Ndilo swali ambalo Waringa mwenyewe alikuwa amewauliza wazee wengi katika vyumba vile, penseli mkononi, akisubiri. Alitazama zile glavu nyeupe juu ya meza, mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Akaitenganisha mikono.

"Nilimwona," alisema.

Kanyiva alichukua penseli, akaivuta kadi upande wake, akasubiri.

"Nilikuwa darasa la sita. Tulipelekwa makumbusho na basi ya shule. Tukirudi, tulikwama kwa foleni ya magari pale Westlands, karibu na lile jengo. Alikuwa ngazi za nje, amepiga magoti, anapangusa. Wasichana walikuwa dirishani pamoja nami. Mmoja akasema, oneni huyo mama anaosha ngazi kama anapalilia viazi. Wakacheka. Nami nilicheka, kidogo. Halafu akainua kichwa. Aliniona, Madam. Hakupunga mkono. Aliniangalia tu, kama mtu ambaye anangoja kuona utafanya nini."

Penseli ilikuwa imesimama.

"Jioni alikuja na kibeti chake. Akaniuliza, makumbusho yalikuwaje? Nikasema yalikuwa mazuri. Akanipakulia chakula. Hatukuzungumza tena hiyo siku, hadi amekufa. Hata hospitalini, siku tisa, nilikuwa nakaa hapo karibu na kichwa chake nikisema kesho. Nitamwambia kesho."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba nilimwona. Na kwamba aliponiangalia niliinama chini ya kiti, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikaa chini hadi basi ikasonga. Viatu vyangu vilikuwa vya plastiki, vile alivyoninunulia yeye. Havikuwa na kamba."